Wanaorudi mbioni baada ya jeraha nao wafikiriwe

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo hutueleza nani ameumia na nani ameshinda. Katikati ya habari hizo mbili kuna miezi mingi isiyoandikwa na mtu, na mimi ndiyo kwanza nimetoka kuipitia. Naomba nafasi niseme na waandalizi wa mbio za barabarani hapa kwetu Pwani.

Mimi ni fundi cherehani mjini Malindi, umri wangu miaka 46, na nusu marathoni ndiyo mbio niipendayo. Mwaka jana mguu wangu wa kulia ulianza kuuma juu ya wayo, nyuma ya kidole cha pili. Mwanzo uliuma nikikimbia tu. Baadaye ukawa unauma hata nikikanyaga pedeli ya cherehani. Nilipigwa picha ya eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, huo ni uchovu, nikapewa vidonge vya maumivu. Baada ya wiki kadhaa, uvimbe ukiwa haujashuka, nilipigwa picha nyingine mahali pengine, na safari hii ufa ulionekana, umeshaanza kuzungukwa na mfupa mpya.

Daktari alinikalisha akanieleza. Ufa wa namna hii hauji kwa kuanguka wala kugongwa. Huja kwa mfupa kupokea kishindo kilekile maelfu ya mara bila kupata muda wa kujijenga. Picha ya mwanzo mara nyingi haiuonyeshi, ila mfupa unapoanza kujiunga ndipo alama hutokea. Nalisema hili kwa ajili ya wakimbiaji wenzangu: ukibonyeza mahali pamoja juu ya wayo kwa ncha ya kidole na uchungu ukakurusha, rudi kwa daktari hata kama picha ilitoka safi.

Msimu wa sare za shule ulinikuta na magongo, nikikanyaga pedeli kwa mguu wa kushoto, mshono ukienda kwa kusitasita. Wateja walinivumilia, Mungu awabariki.

Kungoja kulikuwa na mwisho wake. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho, kwa sababu pumzi hurudi mapema kuliko mfupa. Nilikuwa nikiingia baharini maji yakijaa, mpaka kifuani, nakimbia humo humo bila wayo kubeba uzito. Kwa hiyo kifua kilikuwa tayari na mguu bado. Watu wakaniambia kimbia ufuoni, mchanga ni laini. Mchanga mkavu humeza kisigino na kuuvuta unyayo wote. Afadhali mchanga mbichi ulioshikana maji yakishakupwa, ingawa nao una mteremko, mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenzake. Nilikuwa natoka upande wa nguzo ya Vasco da Gama kuelekea Silversands, kisha narudi njia ileile, ili kila mguu upate zamu yake ya chini. Na maji hayafuati saa ya ukutani: kila siku hukupwa kama dakika 50 baadaye kuliko jana. Zipo siku nilifunga duka adhuhuri. Nilikimbia dakika moja, nikatembea mbili, kesho yake nikapumzika.

Anayedhani huo ni uvivu amwangalie Paula Radcliffe wa Uingereza. Akiwa bado ndiye mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, aliikosa Olimpiki ya 2012 iliyofanyika London, nchini kwake mwenyewe, kwa sababu ya wayo. Alifanyiwa upasuaji, na marathoni yake iliyofuata ilikuwa London 2015, akamaliza kwa saa 2:36:55. Bingwa mwenye madaktari kila upande alihitaji muda wote huo.

Sasa nije kwa waandalizi. Nilikuwa nimejisajili kilomita 21 kabla sijaumia. Nilipoomba kuhamishiwa kilomita 10 nikajibiwa fomu haibadiliki, nilipe upya. Nililipa, maana nilitaka sana kusimama tena kwenye mstari na namba kifuani. Lakini najiuliza ni wangapi walioona hasara ya ada yao wakaingia 21 na mguu haujapona. Sheria kama hiyo inawasukuma watu kwenye jeraha la pili.

Siku yenyewe tulianza jua limeshapanda. Nilikwenda pole kama nilivyoagizwa, nikawa miongoni mwa wa mwisho. Nilipofika meza ya maji ya kilomita ya saba niliikuta inakunjwa, vijana wanapakia chupa kwenye pikapu, na tuktuk na bodaboda zimesharuhusiwa barabarani. Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza madafu. Alikata moja, akanishikisha mkononi, akakataa pesa. Nilimaliza, na mguu ulinishikilia.

Joto la huku si jambo la kufanyia mzaha. Mwaka 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, alijitoa mzunguko wa mwisho kwa ajili ya joto na unyevu, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa. Ikiwa joto letu lilimsimamisha Bekele, mtu aliyetoka kwenye magongo na anayekaa barabarani muda mrefu kuliko wote ndiye wa kunyimwa maji?

Tuanze saa 12 asubuhi. Watu wa Pwani wameshaamka kwa swala, hakuna atakayechelewa. Meza za maji zibaki mpaka apite wa mwisho, na askari wawili wa barabarani wabaki naye. Na fomu za mbio zijazo, kabla hazijapelekwa kuchapishwa, ziongezewe mstari mmoja: aliyeumia anaruhusiwa kuhamia masafa mafupi kwa ada ileile aliyokwisha kulipa.

Fundi cherehani,
Malindi.