Shangazi, kidonda kile kisichotunga usaha

Shikamoo shangazi. Uliniruhusu niandike haya hadharani mradi nisitaje jina lako, na uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatia simu.

Kila nikikuuliza hali unanijibu, "Chembe nyeupe ziko sawa, daktari mwenyewe kasema." Ni kweli. Nyutrofili zako, zile chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu, zilikuwa 2,400 kwa kila mikrolita ya damu, na wasiwasi huanza zikishuka chini ya 1,500, hofu yenyewe chini ya 500. Lakini mashine inahesabu vichwa tu, haikagui nani kaja na silaha. Mimi, mtu wa maabara, slaidi ya damu yako niliitazama kwa hadubini. Nyutrofili nzima ina kiini chenye vipande vitatu hadi vitano, na tumboni imejaa punje ndogondogo. Zako nyingi zina vipande viwili, kama miwani ya babu, na tumboni ni weupe mtupu, mithili ya gunia lililokung'utwa. Ndivyo uboho wako wenye maradhi, kiwanda cha chembe hizo ndani ya mifupa, unavyozifinyanga.

Punje zile ni ghala la vimeng'enya. Kimoja kinaitwa mayeloperoksidesi. Nyutrofili ikishameza kijidudu cha maradhi, kimeng'enya hiki huchukua haidrojeni peroksaidi na kloridi ya chumvi iliyomo mwilini, kikatengeneza asidi ileile inayofanya kazi kwenye jiki unayofulia mashuka. Chenyewe ni cha kijani, ndiyo maana usaha una ukijani. Msweden Kjell Agner alikitoa kwenye usaha wa wagonjwa wa kifua kikuu, akaandika habari zake mwaka 1941. Kazi ya kuchefua, ila sisi watu wa maabara tunamwonea wivu.

Sikutishi. Wapo waliozaliwa bila kimeng'enya hicho wakazeeka bila kujua; wanaopata taabu mara nyingi ni wenye kisukari, huandamwa na fangasi. Kwako lakini jambo haliishii hapo. Uboho ukiharibika, chembe zinaweza pia kuchelewa kufika penye jeraha, na zikifika zikameza kwa kusuasua. Unaukumbuka ule mwiba wa shambani? Mguu ulivimba hadi kifundoni, nawe ukajisifu una damu safi, hata usaha kidonda hakitungi. Usaha, shangazi, kwa sehemu kubwa ni maiti za nyutrofili. Huenda zilizotakiwa kufia pale hazikufika.

Ndiyo sababu ya ugomvi wetu wa panadol. Mwili wako unaweza kukosa usaha, kukosa hata wekundu, ukabaki na homa peke yake kukupa habari. Ikifika 38, usiizime kwa kidonge ukalala usubiri kukuche. Ondoka usiku huohuo, na pale mapokezi sema kabla ya foleni: "Nina ugonjwa wa uboho na nina homa." Antibayotiki ya mshipani haitakiwi ingoje asubuhi.

Kipimajoto nimempa kondakta wa basi la Ijumaa. Kinakaa kwapani, si kabatini pamoja na vikombe vya wageni.