Kwa wazazi wa mtaa wangu: mtoto hakukaidi, hakusikia

Wanangu,

Juzi jirani yangu alikuwa anamchapa mjukuu wake wa miaka 7 kwa kuitwa mara tatu bila kuitika. "Sikio la kufa halisikii dawa!" Nikamvuta mtoto kwangu. Sikio la kulia lilinuka, limezibwa pamba iliyogeuka njano. Tangu lini? "Tangu Ramadhani, lakini hayo ya utoto, yatakauka." Ramadhani ilipita miezi minne.

Uuguzi nimestaafu, hasira hii haijastaafu.

Mafua ya mtoto hayaishii puani. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda ndani ya sikio. Wa mtoto ni mfupi na umelala, vijidudu vinapita kwa urahisi. Usaha ukijaa, mtoto analia usiku kucha. Ngoma ya sikio ikipasuka maumivu yanatulia, nanyi mnashukuru amepona! Amepona nini? Usaha ukitoka wiki mbili au zaidi, huo umeshakuwa ugonjwa sugu, na usikivu unaliwa polepole.

Mpelekeni zahanati siku za mwanzo. Akipewa dawa, dozi iishe, hata kama siku ya pili yuko uwanjani. Usaha mnaukausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa: kikilowa, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Mafuta ya nazi, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, hata mafuta ya taa (nimeyaona kwa macho yangu) msitie. Vijiti vya pamba pia acheni. Na baharini asizamishe kichwa.

Mengine mnayajua: chanjo ya nimonia wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ya surua na rubela, kunyonyesha, chupa asipewe amelala chali, na kumwepusha na moshi wa jikoni na wa sigara.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungezuilika. Lakini nje ya miji mikubwa mtafute wa kumpima mtoto usikivu, utachoka miguu. Darasani nako anayekaa nyuma akitazama midomo ya mwalimu huitwa mzito, na hakuna anayeuliza.

Mjukuu yule sasa yuko kwenye dawa ya matone. Bibi yake anamkausha mwenyewe, asubuhi na jioni. Ile fimbo nimemwomba, naegemezea mnyanya wangu.