Barua ya wazi: Litajeni jina la Tanzania mezani

Kwako Mheshimiwa unayesimamia ajira za Watanzania nje ya nchi,

YAH: WALIMU WA KIINGEREZA WA TANZANIA KUNYIMWA KAZI NG'AMBO KWA SABABU YA PASIPOTI NA RANGI

Shikamoo Mheshimiwa.

Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Naandika hadharani kwa sababu barua mbili nilizotuma kwa bahasha hazikujibiwa, na ya tatu niliyoituma kwa mtandao ilijibiwa neno moja tu, "Imepokelewa." Hiyo ni miezi minane sasa. Nilikuwa nimeamua kuendelea kusubiri, kwa sababu nimelelewa kuheshimu wakubwa na najua mna mengi. Jumanne iliyopita subira yangu iliisha.

Kuna kijana mmoja wa Ulaya Mashariki aliyewahi kuja hapa Tanga kujitolea, akakaa miezi mitano upande wa Raskazone. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Sisemi hivyo kumdharau, maana mwenyewe ndiye aliyenifuata akaniomba nimfundishe. Tulikuwa tunakaa jioni baada ya vipindi vyangu vya tuisheni, na alinilipa vizuri. Aliporudi kwao tuliendelea kuandikiana. Miezi miwili iliyopita aliniomba nimsahihishie barua ya kuomba kazi ya kufundisha watoto Kiingereza kwenye kituo cha lugha huko Asia. Niliisahihisha. Kwa kuwa nafasi zilikuwa nne, na mimi nikaomba palepale.

Jumanne tulijibiwa wote wawili siku moja. Yeye amepata. Mimi nimeandikiwa sentensi mbili: wananishukuru kwa kuomba, ila wazazi wa wanafunzi wanataka mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza.

Mheshimiwa, yule kijana hakuzaliwa na Kiingereza. Kwao hakisemwi. Makosa ya barua iliyompatia kazi niliyafuta mimi kwa mkono wangu, moja baada ya jingine, na mengine nilimweleza mara tatu ndipo akaelewa. Ameniandikia kuniomba radhi, na sina ugomvi naye. Mama aliponiona nimekaa na simu mkononi hakuuliza kitu. Alisema tu, "Wamekataa tena," akarudi jikoni kwenye vitumbua vyake.

Nina shahada ya ualimu, somo la Kiingereza na fasihi. Nimefundisha miaka tisa, kwanza shule binafsi, sasa tuisheni ya Makorora, kwa sababu ajira za serikali tunaomba wengi na wanaopata ni wachache. Nina cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, kile cha saa 120 ambacho vituo vya nje hukidai. Ada yake niliilipa kwa pesa ya mama aliyogawiwa kwenye kikoba. Nilipanda basi la usiku kwenda Dar es Salaam kufanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na nikapata alama 8 kati ya 9. Kila walichosema nikilete nilikileta, na nilipofika nacho wakaniambia tatizo ni mahali nilipozaliwa.

Nimejifunza kanuni zao kwa uchungu, kwa hiyo naomba nikueleze kama ninavyozijua. Korea Kusini viza ya mwalimu wa lugha inaitwa E-2. Kwa Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mwalimu wa Afrika Kusini huongezewa sharti la kuthibitisha kwamba amesoma kwa Kiingereza tangu mwanzo wa sekondari. Mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, kama Mtanzania yeyote aliyepita sekondari. Sharti lake ninalo. Nisichonacho ni pasipoti yake.

China nako, kanuni za vibali vya kazi zilizoanza kutumika nchi nzima mwaka 2017 zinataka mgeni anayefundisha lugha afundishe lugha mama ya nchi yake. Kwingine hakuna hata kanuni iliyoandikwa. Wanakuomba picha kabla ya cheti, na ukishaituma hawakujibu.

Hapa kwenye picha naomba nikae kidogo. Mwaka juzi wakala mmoja hapa nchini, simtaji, alinitoza shilingi 600,000 kunitafutia shule. Aliniambia niandike kwamba nilikulia Durban. Nilikataa. Akaniambia basi angalau nipige picha nyingine karibu na dirisha, kisha niing'arishe kwa simu ili ngozi ionekane nyeupe kidogo. Hilo sikulikataa. Naona aibu kuliandika lakini nililifanya, nikaipeleka kwa mama aione. Mama akaiangalia akaniuliza, "Huyu ni nani?" Niliifuta usiku uleule, Mheshimiwa, na zile laki sita sijazipata mpaka leo. Nikisema ubaguzi, sizungumzii jambo la vitabuni. Nazungumzia mtu aliyefikishwa mahali pa kuuchubua uso wake kwenye simu ili aruhusiwe kuwafundisha watoto vitenzi.

Mtaniambia kwamba mwajiri ana haki ya kuchagua, na kwamba aliyezaliwa na lugha ndiye anayeijua. Wazo hilo lina historia, na sehemu yake ilipita hapahapa kwetu. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza, na mkutano ule unakumbukwa na wasomi kwa msimamo kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa Kiingereza. Ukumbi ulikuwa wa Afrika Mashariki, na msimamo wenyewe ndio unaotufungia mlango sisi wa Afrika Mashariki mpaka leo. Walimu wa Kiingereza duniani wenyewe wameshaukana. Chama chao kikubwa chenye makao Marekani, TESOL, kilitoa tamko mwaka 1992, kisha jingine mwaka 2006, kupinga walimu kubaguliwa kwa kigezo cha kutozaliwa na lugha.

Na mimi nina ushahidi wangu. Nimezaliwa na Kiswahili, na hapa Tanga tunajivunia kwamba Shaaban Robert ni wa kwetu. Lakini mwalimu aliyenifundisha Kiswahili vizuri kuliko wote alikuwa Mhaya kutoka Kagera, aliyekikuta Kiswahili shuleni. Sisi watoto wa mwambao tulipoulizwa kwa nini tunasema "mti umeanguka" na "kiti kimeanguka", tulijibu ndivyo tunavyosema. Yeye ndiye aliyetufungulia ngeli, kwa sababu alizipitia kwa jasho na alijua mwanafunzi anakwama wapi. Kwa Kiingereza mimi ni kama yeye. Wanafunzi wangu wa Makorora husema mama yangu "he" na baba yangu "she", kwa sababu Kiswahili kina "yeye" tu. Mtoto wa Kichina hukosea vivyo hivyo, maana kwa kutamka neno lake la mwanamume na la mwanamke ni moja. Kosa hilo nimelitoa kwenye vinywa vya watoto mamia. Aliyezaliwa na Kiingereza hajawahi kulikosea hata siku moja, na huenda asijue linatoka wapi.

Ndiyo maana hata nyinyi viongozi mkisema walimu wa Kiswahili kwenye nchi za watu lazima watoke Tanzania kwa kuwa ndiko kwao, moyo wangu husita. Nataka Watanzania wapate kazi hizo, lakini tuzipate kwa kufundisha vizuri. Tukidai kwa kuzaliwa tu, tutakuwa na neno gani la kuwaambia hao wanaotukataa?

Sasa nakuja kwenu. Miaka miwili iliyopita kiongozi mmoja alisimama mbele yetu, walimu tusio na ajira, akatuambia tusiangalie ndani tu, dunia ni pana, serikali inatutafutia milango nje, kazi yetu ni kujiandaa. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu, na wiki ileile nikajiandikisha kozi ya cheti. Nimejiandaa, Mheshimiwa. Wenzangu wawili wamejiandaa vilevile. Mmoja sasa anaendesha bodaboda na mwingine anauza machungwa ya Muheza kituo cha mabasi. Milango tuliyoahidiwa iko wapi?

Nahisi hakuna aliyewahi kuiulizia. Kwa wanaotafuta kazi nje, tunachokisikia kila siku ni kazi za nyumbani za Uarabuni, na sizidharau, mdogo wangu wa kike yuko huko na ndiye anayelipa kodi ya chumba chetu. Lakini nahisi mwalimu wa Kiingereza kutoka Tanzania hamjamfikiria kabisa, labda kwa sababu hata sisi wenyewe tumezoea kusema Watanzania Kiingereza hawakijui. Tukilisema hilo wenyewe kila siku, Mkorea atatusemea nini?

Kwamba mlango unaulizika, tunajua. Wahindi hawamo kwenye zile nchi saba. Lakini serikali yao ilipokaa na Korea kuandika mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi, ule uliosainiwa mwaka 2009 na kuanza kufanya kazi Januari 2010, walimu wa Kiingereza wa India waliingizwa humo. Mwenye shahada ya Kiingereza na leseni ya ualimu akafunguliwa njia ya kuwa mwalimu msaidizi shuleni. Nijuavyo mimi, haukuwa muujiza: kuna ofisa wa India aliyekwenda na orodha, na walimu walikuwemo kwenye orodha hiyo.

Na sisi tunakaa na Korea. Juni 2024 Rais wetu alikuwa Seoul wakati wa mkutano wa Korea na Afrika, na ilitangazwa kwamba nchi zetu mbili zinaanza mazungumzo ya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi. Nilisikiliza habari ile redioni kwa mama, kwenye kibanda chake. Yalitajwa madini, ikatajwa mikopo, uchumi wa bahari. Nilisubiri kusikia walimu. Sikusikia.

Sheria nayo ipo. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unakataza kubagua watu kazini kwa rangi, dini, jinsi, maoni ya siasa au asili ya taifa. Korea iliuridhia 1998, sisi 2002, China 2006. Najua wanasheria watasema uraia ni kitu kimoja na asili ni kingine, na kwamba nchi ina haki ya kupanga viza zake. Sawa. Lakini mtu anapokubaliwa asiye mzawa kwa kuwa ni mweupe, na akakataliwa asiye mzawa kwa kuwa ni mweusi, hapo uraia umeingiaje?

Nilipoanza barua hii nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka mawakala wazuiwe kuleta hapa nchini matangazo yanayotaja rangi na nchi ya kuzaliwa. Nilitaka mtu wa kutusaidia kudai pesa zetu. Nilitaka balozi zetu huko Asia ziwe na mtu wa kuzungumza na shule. Yote bado nayataka, lakini najua ukipewa mengi yatakaa kwenye faili, kwa hiyo nabaki na moja. Mtakapokaa tena na Korea kuandika mkataba huo, mwalimu wa Kiingereza wa Tanzania awemo kwenye orodha yenu. Apimwe kwa mtihani na apimwe darasani, akishindwa arudi. Lakini litajeni jina la Tanzania mezani. Hilo tu, Mheshimiwa. Mlitaje.

Matokeo ya IELTS yanatumika miaka miwili. Yangu yanaisha Desemba, na kikoba cha mama hakina tena pesa ya mtihani mwingine. Naomba unijibu kabla ya hapo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba haiwezekani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiingereza,
Ngamiani, Tanga