Tovuti ya picha ihame, lakini maelezo yatangulie

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wako wa safu ya teknolojia ameshauri majuzi kwamba mpiga picha anayeng'ang'ania tovuti yake mwenyewe aifunge, afungue ukurasa Instagram, basi. Kalimaliza jambo kwa aya mbili. Mimi jambo hilohilo limenigombanisha na mpwa wangu tangu mwaka uanze, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu.

Nina studio Ngamiani, hapa Tanga, niliyoirithi kwa marehemu baba. Tovuti yetu inaendeshwa na Gallery 2, programu huria ya kupanga albamu za picha iliyotoka mwaka 2005. Enzi hizo ilikuwa kitu cha kuringia. Unapakia picha, yenyewe inatengeneza kijipicha na picha ya ukubwa wa kati, unaandika maelezo, unaamua nani aone na nani asione. Leo ukiifungua kwenye simu unakaza macho, maana vijipicha vilipangwa kwa ajili ya kompyuta za mezani, na picha ya kati tuliiweka pikseli 640 ili watu wa intaneti ya kusuasua wasikate tamaa. Hayo ya sura mimi nayavumilia. Kilichotubana ni kingine: kampuni inayotutunzia tovuti imetuandikia kwamba inaondoa kwenye seva zake matoleo ya zamani ya PHP, lugha ya kompyuta ambayo programu yetu imeandikwa kwayo. Siwalaumu. PHP 5.6 iliacha kupewa viraka vya usalama mwishoni mwa 2018, na toleo la 7, lililotoka Desemba 2015, lilishafuta njia ya zamani ya kuzungumza na MySQL, hifadhidata inayotunza maandishi ya tovuti, ambayo programu nyingi za rika la yetu ziliitegemea. Kubaki tulipo, maana yake siku moja tutaamka tukute ukurasa mweupe.

Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wa tovuti, alitaka twende Gallery 3. "Mjomba, ni ndugu yake huyuhuyu," alisema, "na ina njia ya kuvuta kila kitu kutoka toleo la pili." Ni kweli, njia hiyo ipo. Lakini Gallery 3 ilitoka 2010 na waliokuwa wakiitunza waliweka zana chini mwaka 2014. Huko ni kuhama nyumba inayovuja kwenda kupanga nyumba ambayo mwenyewe amekwishahama. Tena ile ya tatu iliacha ruhusa ya picha mojamoja, ikabakiza ya albamu nzima tu. Nitaeleza hapo mbele kwa nini kwetu hilo si dogo.

Na huko anakotutuma mwandishi wako? Tuna ukurasa Instagram, tunaweka picha za maharusi, wateja wanakuja. Hiyo ni barazani pa duka. Stoo haiwekwi barazani. Google walifunga Picasa mwaka 2016. Flickr walipunguza akaunti za bure hadi picha 1,000 mwaka 2019. Google Photos nao wakaondoa nafasi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Hawakuvunja sheria yoyote, mali ni yao. Lakini mtu aliyewakabidhi picha za baba yake alipata taarifa kwa barua pepe kama mpangaji yeyote.

Tumechagua Piwigo. Nayo ni programu huria, ilianza Ufaransa mwaka 2002 ikiitwa PhpWebGallery, na mpaka sasa inaendelea kutoa matoleo mapya. Kwenye simu inakaa vizuri. Picha moja inaweza kuonekana katika albamu zaidi ya moja bila kunakiliwa upya, jambo lililonifurahisha kwa sababu picha ya harusi iliyopigwa stesheni ni picha ya harusi na ni picha ya stesheni pia. Ina vijitabia vyake, kama vile kukataa nafasi kwenye majina ya folda ukipandisha picha kwa FTP, yaani kwa kutuma faili moja kwa moja kwenye seva, ila hivyo vinazoeleka.

Sasa ndipo penyewe. Kijana aliijaribu kwanza kwenye kompyuta yake, na nakala za picha, si picha zenyewe. Zikaingia zote, zikapangika, zinang'aa. Nikamwambia anifungulie picha moja ya baba, ya shamba la mkonge, tuliyoiskani kutoka kwenye negativu. Wanaume wamesimama mbele ya korona, mashine ile ya kukamua majani ya mkonge, na singa zimetapakaa hadi magotini. Kwenye tovuti ya zamani chini yake pana maelezo marefu: nani ni nani kutoka kushoto, nani alikuja kama manamba na kutoka wapi, na kwamba wa tatu, aliyeshika kofia, ni fundi aliyejulikana kama "Stima". Maelezo hayo tuliyapata kwa mzee mmoja wa Chumbageni ambaye sasa ni marehemu. Kwenye tovuti mpya chini ya picha paliandikwa "scan0231". Basi.

Picha zilikuwa zimehama, maelezo yamebaki nyuma. Gallery 2 huweka picha kwenye folda, lakini vichwa, maelezo na maneno ya kutafutia huyaweka kwenye hifadhidata. Piwigo ukiipa folda inaona picha tu. Ina haki, ndizo ulizoipa.

Dawa yake haina uchawi, na naieleza kwa ajili ya wenzangu wenye tovuti za namna hii, za shule, za misikiti, za vilabu vya mpira. Tulitoa maelezo yote kwenye hifadhidata yakawa jedwali: safu ya kwanza njia ya faili, yaani folda na jina lake, zinazofuata kichwa, maelezo, maneno ya kutafutia. Kisha kwa programu ya bure iitwayo ExifTool, jedwali hilo likaandikwa ndani ya faili za picha zenyewe, katika sehemu iitwayo IPTC, ambayo mashirika ya habari yameitumia miaka mingi kwa kazi hiyohiyo. Ndani ya Piwigo usomaji wa IPTC umezimwa tangu mwanzo. Inabidi uuwashe kwenye faili ya mipangilio, kisha uiagize isome maelezo upya. Kulikuwa na takataka za kusafisha. Gallery 2 ilikuwa ikigeuza alama za kunukuu kuwa msimbo, hivyo kila jina la utani lilitoka na "quot" mbele na nyuma, na mji wetu kwa majina ya utani haujambo. Lakini ilipokwisha, nilifungua ile picha ya korona nikamkuta Stima yuko mahali pake. Na hata kama Piwigo nayo itakufa, Stima atakwenda na faili popote.

Kwa hiyo nasema kwa mwandishi wako na kwa mpwa wangu pamoja: swali la programu gani tuhamie lilikuwa la pili. Aliyekwisha kuyaingiza maelezo ndani ya picha anaweza kuchagua programu kwa raha zake, hata akichagua vibaya. Ambaye hajayaingiza, hata akichagua ile bora, anahamisha karatasi tupu.

Jambo la ruhusa. Wapiga picha wa pwani wanajua kwamba harusi ina upande wa wanawake, ambako mwanamume hakanyagi. Singo na shughuli za ndani anapiga mke wangu, na wenyewe wako humo bila mtandio, wamejiachia. Albamu hizo zilikuwa zimefungwa kwa nenosiri, na ndani ya albamu nyingine kuna picha mojamoja zilizofichwa kwa ombi la mwenyewe. Folda haina habari na sitara ya mtu. Ukiimimina kwenye programu mpya, vyote vinaweza kutokea hadharani mpaka ufunge upya. Piwigo ina ruhusa za albamu na ina daraja la faragha kwa kila picha, kwa hiyo inawezekana kufunga. Mimi nimeamua vinginevyo: za ndani hazihamii kokote. Tunampa bibi harusi kwenye flashi, zilizoko seva tunafuta. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, siwezi kumweleza baba wa mtu kwamba toleo jipya ndilo limemfunua binti yake.

Anwani za zamani nazo hatuzitupi. Watu wetu walioko Muscat wametumiana viungo vya tovuti hii kwenye makundi ya ukoo, kila kimoja na namba yake ya Gallery 2. Mpwa ametengeneza jedwali la namba ya zamani na ukurasa mpya, seva inamwelekeza mtu yenyewe. Tutahama ndani ya Ramadhani, kwa kuwa hakuna harusi na studio imetulia.

Nimalizie na la kwenu nyinyi wa magazeti. Mwaka jana gazeti moja, si hili, lilichapa picha yetu ya pantoni ya Pangani, tuliyoipiga kutoka upande wa Bweni kabla daraja halijaanza kujengwa. Chini yake waliandika "Picha: Mtandao". Huyo Mtandao amekuwa mpiga picha hodari kuliko sisi sote, yuko kila mahali siku moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inanilinda, ila sina muda wa kesi. Kuanzia sasa jina langu litakuwa ndani ya kila faili, pamoja na mahali na tarehe, na mpanga kurasa akifungua maelezo ya faili ataliona. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida maelezo hayo hunyofolewa. Ikitumwa kama dokumenti hubaki. Waambie waandishi wako wa mikoani watume kama dokumenti.

Mpiga picha,
Ngamiani, Tanga
(Jina na namba ya simu nimempa Mhariri)