Risala ya Kikundi cha Akina Mama wa Katesh kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Mfuko wa Maafa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya ya Hanang. Viongozi wa dini na wa serikali za vijiji. Wazee wetu, wageni waalikwa na wanakikundi wenzangu.

Karibu Katesh. Tumekualika utuzindulie mfuko wa maafa, nasi tunaomba tukueleze kwa nini kikundi cha kuweka na kukopa kimejiingiza katika jambo hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilimegua ubavu wa Mlima Hanang. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Gendabi, Jorodom na katikati ya mji huu. Waliofariki walifikia 89. Serikali iligharamia mazishi na matibabu, na baadaye nyumba 109 zikajengwa Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Kwa hayo tunashukuru, na tunawashukuru Watanzania wote waliochanga bila kutujua.

Lakini tuliopanga misaada tuliona pia mengine. Nguo zilijaa mpaka zikakosa pa kuwekwa, na nyingine zilikuwa za kutupwa: viatu vya mguu mmoja, mashati yaliyochanika kwapani. Aliyepoteza nyumba hajapoteza macho, anaona alicholetewa. Unga ulifika kabla ya sufuria. Taulo za kike zilichelewa, kwa sababu waliotumwa kuandika mahitaji walikuwa wanaume, na binti gani angewatajia? Wengine walitoa kilo chache wakataka mzee mwenye msiba ashike mfuko atabasamu mbele ya kamera.

Tena kuna walioachwa kabisa. Orodha zilipoandikwa kambini, aliyehamia kwa shemeji yake hakuonekana, wala shemeji aliyeongezewa midomo sita mezani hakuulizwa anawalisha nini. Wakati huohuo, wapo wenzetu wa hapahapa walioandikisha majina ilhali tope halikufika hata uani kwao. Tunalisema mbele yako, Mheshimiwa, na mbele yao, maana wengine wamekaa humu.

Suala la fedha ndilo lililotuchukulia vikao vingi zaidi. Kule Kagera, baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, Rais alitengua uteuzi wa viongozi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina sawa na ile ya maafa. Ikiwa jambo la mkoa mzima lilifika huko, kikundi cha mtaani kitajilindaje? Tumekubaliana kwamba mchango hautapokelewa kwa namba ya simu ya mtu, hata ya mwenyekiti. Akaunti ina watia saini watatu wasio wa ukoo mmoja. Kila kinachoingia na kutoka kitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kusomwa katika mkutano wa kijiji. Na kabla ya kununua chochote, tutamwuliza mhitaji anahitaji nini. Baadhi ya wanachama waliona masharti haya ni ya kutoaminiana. Waliowahi kuwa waweka hazina ndio waliyatetea zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tunaomba za kwetu zipewe mafunzo, na wanawake wawemo kama wajumbe kamili, si wapishi wa kikao. Tunaomba daftari la kaya lihuishwe sasa, wakati hakuna mvua, ili siku ya dharura tusianze kubishana nani alikuwa akiishi wapi. Tunaomba pia kila msaada utakaopitia wilayani uletwe na orodha yake, nasi tupewe nakala.

Mwisho, tunakuomba uwe wa kwanza kuchangia mfuko huu. Stakabadhi yako imeshaandaliwa, imebaki kujazwa kiasi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi