Saa zisizoonekana kwenye ratiba ya chuo

Mhariri,

Wengi hudhani ratiba ya vipindi ndiyo kazi yote ya mwanachuo. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, yaani saa 8 kwa wiki katika muhula wa wiki 15, na mihadhara na semina mara nyingi hazizidi saa 4. Zilizobaki ni za kujisomea, na sapu (mitihani ya marudio) nyingi huanzia hapo. Kusainiana mahudhurio hakuongezi hata saa moja.

Penye mgawanyo wa alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, wahadhiri nao warudishe majaribio kabla ya wiki ya 10, mwanafunzi ajue pengo lake mapema.

Msomaji, Dar es Salaam