Barua ya kufunga muhula: marejeo ya Fizikia na Kemia, mchango wa chakula, na lile tukio la sodiamu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Kamwene.

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule imefungwa leo saa sita mchana na kila mwanafunzi amekabidhiwa ripoti yake mkononi. Kama ripoti haijakufikia mpaka sasa unaposoma barua hii, muulize mtoto mwenyewe. Kwa upole kwanza.

Nianze na la furaha, maana mengine yanakuja.

Mtakumbuka kikao cha Februari, mzazi mmoja aliposimama na kuuliza kwa nini Kidato cha Nne, wenye mtihani wa Taifa Novemba, wanarudishwa kwenye mada za Kidato cha Kwanza. Ukumbi mzima mlimpigia makofi. Siku ile sikuwa na jibu la kuwatosheleza. Leo ninalo.

Januari tuliwapa Kidato cha Tatu na cha Nne jaribio fupi la Fizikia na Kemia, maswali ya msingi matupu. Tungamo na uzito vinatofautianaje? Joto na jotoridi? Elementi ni nini, kampaundi ni nini, mchanganyiko ni nini? Barafu ikiyeyuka na karatasi ikiungua, lipi ni badiliko la kikemia? Wakajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, fasili neno kwa neno, mpaka nukta zilikaa mahali pake. Nikafurahi. Mwalimu wa Fizikia hakufurahi. Kesho yake akawauliza swali moja tu: mfuko wa saruji wa kilo 50 ukipelekwa mwezini utakuwa na tungamo kiasi gani? Karibu darasa zima likagawanya kwa sita, kwa kuwa mvuto wa mwezini ni kama moja ya sita ya wa hapa. Sasa mzazi, tungamo halina habari na mwezi. Saruji ni ileile, kilo 50 hapa na kilo 50 kule. Kinachopungua ni uzito, yaani nguvu ya kuvutwa chini, ambao hapa ni kama nyutoni 500 na kule nyutoni 80 na ushee. Watoto walikuwa wanajua maneno, kitu chenyewe hawakijui.

Ndiyo maana tukaanzisha marejeo, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, kwa Kiswahili, na kila mada iwe na kitu cha kushika mkononi. Najua mtihani ni wa Kiingereza. Mtoto akishalielewa jambo kwa lugha anayoiotea ndoto, Kiingereza chake hakimshindi. Aliyeanzia upande wa pili nimemsubiri miaka mingi, bado hajafika.

Mada ya tungamo na ujazo tuliifundishia gunia la viazi. Mnaolima viazi mnaijua lumbesa kuliko mwalimu yeyote. Watoto walijaza gunia mpaka mdomoni wakapima, kisha wakalishonea kilemba juu kama wanavyotaka madalali, wakapima tena. Gunia ni moja, bei ni moja, kilo ni nyingine kabisa. Mnunuzi ananunua kwa ujazo, ujazo wenyewe anauvuta apendavyo, na kilo zilizozidi zinatoka shambani kwako bure. Kijana mmoja alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe baba huwa anaibiwa mbele yetu." Baba yake anasoma barua hii. Hodi, mzee wangu.

Lakini la jikoni ndilo sitalisahau.

Miaka mitatu mimi na mama mpishi wetu tumekuwa tukigombana juu ya kuni. Maharage yanabandikwa alfajiri, saa sita bado yanagonga meno. Nilipokuwa nafundisha Bagamoyo maharage hayakusumbua hivyo, kwa hiyo nikajua mtu anapoteza kuni. Yeye jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Mkuu, maji ya huku hayana moto." Nikaliona ni jibu la mtu anayejitetea.

Wiki ya mada ya kuchemka, Kidato cha Nne walibeba vipimajoto kutoka maabara wakaenda jikoni. Kabla ya kupima, mwalimu aliwaambia waandike wanachotarajia. Wote waliandika 100. Sufuria kubwa linatokota, mvuke umejaa mpaka huoni paa, kipimajoto kinasimama nyuzi 93. Wakasema kibovu. Wakaleta cha pili, 93. Cha tatu kikapanda kidogo, hakikufika 94. Wakaanza kuulaumu moto, wakaongeza magogo mawili, maji yakaruka mpaka nje ya sufuria, zebaki haikusogea.

Walitoka na daftari nje wakakaa kwenye nyasi, wakabishana mpaka wakapata. Hewa ina uzito, nao unagandamiza uso wa maji. Hiyo ndiyo kanieneo ya hewa. Bagamoyo, usawa wa bahari, hewa yote iko juu yako, kwa hiyo povu la mvuke linahitaji nyuzi 100 ndipo lipate nguvu ya kuisukuma. Njombe tuko kama meta 2,000 juu ya bahari, sehemu ya ile hewa tumeiacha chini, na povu linafaulu mapema. Kwa hesabu ya jumla, kila meta 300 unazopanda kiwango cha kuchemka kinashuka kwa nyuzi moja. Fanyeni wenyewe hesabu, itawaleta kwenye 93. Binti mmoja akaipeleka mpaka kilele cha Kilimanjaro, meta 5,895, akapata nyuzi 80. Huko maharage hayaivi, alisema, bora kupanda na mkate.

Mama mpishi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Si nilikwambia, Mkuu?" Nilimwomba radhi mbele ya wanafunzi, na ninamwomba tena kwa barua hii.

Ila watoto hawakuniacha mikono mitupu. Kama magogo mawili hayakupandisha jotoridi hata kidogo, basi ule moto wote unakwenda kutengeneza mvuke. Maji yakishachemka, punguza moto yabaki yanatokota taratibu, funika, weka jiwe juu ya mfuniko. Maharage yataiva kwa saa zilezile. Na yalowekwe usiku. Mama mpishi amekubali, na tangu Aprili kuni zinazoletwa Jumatatu zinafika Jumatatu inayofuata. Kidato cha Tatu nao wakapima maji ya magadi kwa litimasi, ile karatasi ya kutambulia asidi na alkali: nyekundu ikageuka bluu, maana yake ni alkali, nayo ndiyo inayolainisha ganda la harage. Ukizidisha unaua vitamini na ladha pia. Hili la ladha hata bila maabara tulikuwa tunalijua.

Jaribio la Januari tulilirudia Mei. Swali la saruji mwezini wamelikosa wachache, na wote nawajua kwa majina, kwa sababu ni walewale ambao Jumanne na Alhamisi hawaonekani.

Hapo sasa tuongee.

Mzazi unatuma ujumbe, "Mwalimu, kijana anaumwa tumbo." Ninapokea, ninatoa pole. Mchana nikapita stendi nikamkuta mgonjwa juu ya fuso la mbao, kavua shati, ananisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mkuu." Nilimwitikia. Ningefanyaje? Viazi vikikomaa darasa linapungua robo. Parachichi zikianza kuchumwa linapungua tena. Sisemi mtoto asifanye kazi. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na jembe. Ninasema Jumamosi ipo na Jumapili mchana ipo. Mada hizi zinapandiana kama matofali. Aliyekosa siku ya densiti, yaani tungamo la kitu kwa ujazo wake, haelewi kuelea, asiyeelewa kuelea hataelewa vimiminika, na Novemba ataniambia Fizikia ngumu. Kuanzia muhula ujao, asiyefika siku tatu bila cheti cha zahanati au mzazi kuja mwenyewe, hataingia darasani mpaka mzazi aje. Ujumbe wa simu sipokei tena.

La pili, chakula. Ada Serikali iliifuta mwaka 2016, na baadhi yenu mmeelewa kwamba na njaa imefutwa. Chakula cha mchana tulikubaliana wenyewe kwenye kikao, mikono ikanyooshwa, muhtasari ninao: debe la mahindi na kilo 5 za maharage kwa muhula. Hadi leo karibu nusu hawajaleta. Sijamfukuza mtoto yeyote kwenye foleni, na sitamfukuza. Kwa hiyo anayelipa ndiye anayemlisha wa asiyelipa, na mara nyingi anayelipa ni bibi anayelea wajukuu wanne, na asiyelipa amepaua kwa bati la rangi mwaka huuhuu. Sitaji mtu. Mabati yanaonekana kutoka barabarani. Anayedaiwa alete mahindi siku ya kufungua shule, asubuhi, yeye mwenyewe. Asimtwishe mtoto debe na lawama pamoja.

La tatu ni lile mlilokwishalisikia, tena kwa kuongezewa chumvi. Nawaambia lilivyokuwa.

Sodiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu kama sabuni, na huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa kwa sababu haipatani na maji wala hewa yenye unyevu. Siku ya onyesho la darasani kijana wa Kidato cha Tatu alibaki nyuma, kabati lilikuwa halijafungwa, akachukua kipande cha ukubwa wa punje mbili za harage, akakizungushia karatasi ya daftari na kukitia mfukoni. Nje kulikuwa na ukungu, nguo zote zina unyevu. Kingeweza kuwaka palepale pajani mwake. Usiku baada ya prepu akakitupa kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya bweni la wasichana ili washtuke. Kilielea, kikayeyuka kikawa kidonge cha kung'aa, kikazunguka kwa mlio, halafu kikalipuka. Kinachotoka pale ni haidrojeni, ambayo inashika moto kwa joto lenyewe la mmenyuko, na kinachobaki majini ni ile kostiki ya kutengenezea sabuni. Binti wa Kidato cha Kwanza alikuwa anachota maji ya kupigia mswaki. Alikuwa amegeuza uso kumjibu mwenzake. Sweta lake la sufu, alilofumiwa na bibi yake, lina matundu manne begani, kama shibiri moja kutoka jichoni. Kostiki inakula sufu, na jicho halina hata sufu ya kulikinga. Sweta hilo liko kabatini ofisini kwangu, anayetaka kuliona aje.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Kabati halikufungwa, na nimelishughulikia. Sasa lina kufuli mbili na funguo moja ninayo mimi. Kosa la kijana Bodi ya Shule imelitolea wiki mbili nyumbani. Kilichonikera ni ujumbe wa wazazi waliokuja kuniambia kwamba huo ni udadisi wa kisayansi, na kwamba mzazi wa kijana yuko tayari kununua pipa jipya. Pipa? Pipa halikuumia hata kidogo.

Nilimwita huyo mdadisi. Nikamuuliza, metali karibu zote zinazama, hii kwa nini imeelea? Hakujua. Densiti yake ni 0.97, chini kidogo ya ile ya maji ambayo ni 1, na tuliifundisha Alhamisi moja ambayo yeye alikuwa kwenye mbao. Nikamuuliza, ingewaka maabara ungeizima kwa nini? Akasema maji. Ni mchanga mkavu, na maji kamwe. Alichokuwa anakijua ni mlio tu. Akirudi atahudhuria marejeo yote bila kukosa, na atawafundisha Kidato cha Kwanza usalama wa maabara mbele yangu, pamoja na hili: kemikali ikiruka jichoni, jicho linasuuzwa kwa maji safi mengi dakika 20 bila kuacha, huku mtu mwingine akikimbilia kutafuta usafiri.

Likizo hii ni ya baridi. Wenye watoto waliopanga mageto, na ninyi nyumbani pia: jiko la mkaa lisilale chumbani. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inashika damu mahali pa oksijeni. Mtu anaona usingizi mtamu tu. Kidato cha Tatu wamejifunza hili kwenye marejeo. Mkiwaona wanatoa jiko nje usiku msiwagombeze.

Netiboli tumeshika nafasi ya pili kata. Sare zifuliwe. Vitabu vya maktaba virudi. Choo kipya cha wavulana kimekamilika, asanteni mliochangia tofali.

Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti. Kidato cha Nne watarudi wiki moja kabla, kwa marejeo ya umeme na ya asidi na besi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule

N.B. Kipimajoto kimoja hakijarudi maabara tangu siku ile ya jikoni. Ni cha zebaki. Kama kiko kwenye begi la mwanao, kirudishwe taratibu, sitauliza swali. Kikiwa kimevunjika, fungueni madirisha, watoto watoke, na zile chembe zinazong'aa zisiguswe kwa mikono wala zisifagiliwe.